Simu Inajua Uko Wapi, Haijui Umebeba Tani Ngapi

Hebu tuhesabu vifaa vilivyomo kwenye semitrela moja ya kampuni inayotoka Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, imebeba shaba kutoka Zambia au Kongo. Kwenye kioo cha mbele kuna simu ya dereva, programu ya ramani iko wazi. Nyuma ya dashibodi kuna kifaa cha GPS kinachoripoti ofisini. Kama mzigo unafuatiliwa na forodha, kuna lakiri ya kielektroniki ambayo nayo ina GPS yake. Kuna kidhibiti mwendo. Kuna geji ya upepo wa breki, ya joto la injini, ya mafuta. Ukikaa kwenye kile kiti unaweza kudhani umeingia chumba cha rubani.

Sasa mpe dereva huyo swali moja tu, akiwa amepita Ilula na Mlima Kitonga uko mbele yake: kwa uzito huu, nishuke na gia gani na spidi gani? Katika vifaa vyote hivyo, hakuna hata kimoja kitakachomjibu.

Dereva mzoefu anajijibu mwenyewe kwa akili na kwa masikio. Dereva mgeni wa njia anabahatisha. Kitonga, Iwambi kule Mbeya, Salgaa na Sachangwan kule Kenya: haya ni majina ambayo watu wa barabarani hawayataji kwa mzaha, na habari zake karibu zote zinakuja na maneno mawili, "lilifeli breki". Kwenye makala hii tutaangalia vifaa vya lori vinapima nini hasa, vinapimaje, na kwa nini pengo lililobaki linaua watu. Kisha tutaona kwamba sehemu kubwa ya data ya kuliziba tayari tunayo.

Kujua uko wapi: kazi ya saa, si ya kamera

Watu wengi wanaamini setilaiti za GPS "zinaliona" gari kutoka juu. Hapana. Setilaiti hata hazijui kwamba lori lako lipo. Kazi yao ni kama ya redio: zinatangaza tu, na kifaa chako kinasikiliza.

Mfumo wa GPS wa Marekani unahitaji setilaiti zisizopungua 24, zikizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja ina saa ya atomu na kila wakati inatangaza mambo mawili: mimi niko hapa, na sasa hivi ni saa fulani. Mawimbi hayo yanasafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka huko juu hadi kwenye simu yako yanachukua kama sekunde 0.07. Simu inaangalia tofauti ya muda kati ya kutangazwa na kupokelewa, inazidisha kwa kasi ya mwanga, inapata umbali kutoka setilaiti ile.

Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kujua mahali ulipo, kama simu yako ingekuwa na saa sahihi kabisa. Lakini saa ya simu ni ya bei rahisi. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana inahitajika setilaiti ya nne, ambayo kazi yake kimsingi ni kusahihisha saa ya simu.

Na hapa Einstein anaingia kwenye lori. Huko juu mvutano wa dunia ni mdogo kuliko huku chini, na setilaiti zinakwenda kasi sana. Ukijumlisha athari hizo mbili, saa za setilaiti zinakwenda mbele ya za kwetu kwa takriban sekunde 38 za sehemu ya milioni kila siku. Zinaonekana kidogo, sivyo? Zidisha kwa mita 300: kosa la zaidi ya kilomita 11 linaloongezeka kila siku. Bila kusahihisha hilo, jumatatu uko Mafinga, baada ya siku chache ramani inakuonyesha porini. Wahandisi wanalisahihisha, na ndiyo sababu simu ya kawaida penye anga wazi inakosea kwa mita chache tu. Simu nyingi za siku hizi zinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, kwa hiyo setilaiti za kusikiliza ni nyingi.

Kwa dereva, kuna jambo la vitendo hapa. Kwa kuwa kifaa kinasikiliza tu, GPS haihitaji bando wala mtandao. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani. Ukipakua ramani ya njia nzima kabla ya kuondoka, hata mtandao ukikata katikati ya Hifadhi ya Mikumi utaendelea kujiona unatembea barabarani.

Kimo ndiyo hadithi nyingine. Setilaiti zote zinazokufikia ziko juu yako, hakuna hata moja iliyo chini ya miguu yako, kwa hiyo hesabu ya juu na chini ni dhaifu kuliko ya kushoto na kulia. Kosa la kimo kwa kawaida ni kubwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kosa la mahali. Kwa maana hiyo GPS peke yake inaujua vizuri mji uliopo, lakini mwinamo wa barabara chini ya tairi inaujua vibaya.

Kifaa cha ofisi kinaona nini?

Kifaa kilichofichwa nyuma ya dashibodi ni ndoa ya vitu viwili: kipokezi cha GPS na laini ya simu. Kipokezi kinajua mahali, laini inatuma. Pasipo na mtandao, kinahifadhi kumbukumbu na kuzituma baadaye. Kwa hiyo wale wanaodhani wakipita sehemu isiyo na mnara "hawaonekani", wanaonekana. Ni kwamba wanaonekana kwa kuchelewa.

Kampuni zinaongeza vihisio vingine: cha mafuta kwenye tangi ili kukamata wizi wa dizeli, cha kujua injini imewashwa au imezimwa, na cha mtikisiko kinachojua dereva amefunga breki ghafla. Lakiri ya forodha inafanya kazi inayofanana na hiyo, ila yenyewe inapiga kelele mlango ukifunguliwa au lori likiacha njia iliyopangwa.

Sasa angalia kitu hiki. Tanzania sheria inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari yanayozidi kilo 3,500, nje ya maeneo yenye kikomo kidogo zaidi. Mfumo wa ofisini ukiwekewa namba hiyo tu, utalia pale gari likizidi 80. Lori lenye tani 50 likishuka Kitonga kwa kilomita 60 kwa saa halitoi kengele yoyote. Kwenye skrini ya ofisi ni nukta ya kijani, dereva mtiifu. Kumbe dakika ile ile gari linaelekea kubaya.

Kwa nini kubaya? Kabla ya kufika huko, tumalizane na ramani.

Ramani iliyochorwa kwa ajili ya gari dogo

Programu ya ramani tunayoitumia wengi wetu inauliza unasafirije: kwa gari, kwa pikipiki, kwa basi, kwa miguu. Lori halimo. Ukichagua gari, inakutafutia njia ya haraka kwa gari dogo. Kwa mwenye Vitz hiyo ni baraka. Kwa mwenye semitrela inaweza kuwa mtego: kona asiyoweza kuikata, mtaa usio na pa kugeuzia, daraja lisilohimili uzito wake, nyaya zilizoning'inia chini.

Chukua kimo peke yake. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59. Lile refu lina mita 2.90. Ukiyaweka kwenye tela ambayo sakafu yake iko mita 1.4 kutoka ardhini, la kwanza linafika karibu mita 4.0 na la pili mita 4.3. Dereva ni yule yule, kichwa ni kile kile, tela ni lile lile, ila leo amepewa kontena refu. Tofauti ya sentimita 31 inaweza kuamua kama utapita chini ya kizuizi au utakwama, na simu haina habari.

Viko vifaa vya ramani vilivyotengenezwa kwa ajili ya malori. Garmin na TomTom wanavyo. Unaingiza kimo, urefu, uzito wa jumla na uzito wa ekseli, na kifaa kinakwepa barabara zisizokufaa. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini vinasaidia sana. Lakini kifaa hakina uchawi: kinalinganisha namba zako na namba zilizoandikwa kwenye ramani. Kama hakuna aliyeandika kwamba daraja fulani mwisho ni tani 10, kifaa kitakupitisha hapo kwa ujasiri wote. Barabara zetu nyingi zimo kwenye ramani kama mistari tu, bila kimo, bila uzito, bila mwinamo. Ukinunua kifaa cha bei mbaya ukakiweka kwenye ramani tupu, umenunua skrini kubwa.

Na cha kushangaza ni kwamba uzito wa lori letu unajulikana vizuri sana. Kutoka Tunduma linapita mizani kadhaa, zikiwemo Mpemba, Uyole na Wenda. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu hadi tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za pamoja na tani 24 kwenye ekseli tatu za pamoja. Semitrela ya ekseli sita ya mpangilio huo inafika tani 50. Gari la ekseli saba linaweza kufika tani 56, ambacho ndicho kikomo cha juu. Dereva anatoka mizani na karatasi inayosema uzito wake ekseli kwa ekseli. Karatasi inaingia kwenye faili. Kilomita kadhaa mbele anaanza kuteremka, na hakuna kifaa chochote kilichoisoma.

Hesabu ya mteremko

Tuweke mteremko wa mfano: barabara yenye mwinamo wa asilimia 6, yaani kila ukienda mita 100 unashuka mita 6. Inaendelea hivyo mpaka umeshuka mita 400. Urefu wake ni kama kilomita 6.7.

Fomula ni ile ya shuleni: uzito mara mvutano mara kimo. Kilo 50,000 × 9.8 × mita 400 = jouli milioni 196. Namba hii haina maana mpaka uitafsiri, kwa hiyo tuitafsiri kwa uniti za LUKU: ni uniti 54 na ushee. Au kwa maji: nishati hiyo inatosha kuchemsha ndoo 29 za lita 20, kutoka maji ya bomba hadi yanatokota.

Gari dogo la kilo 1,500 likishuka mlima huo huo linatoa nishati ya kuchemsha lita 17 na nusu. Hata ndoo moja haijai.

Nishati hii lazima iende mahali. Kama lori halikuongeza mwendo, maana yake imegeuzwa kuwa joto. Msuguano wa tairi na upepo unachukua kidogo, kama sehemu moja ya kumi hivi kwa mwendo wa polepole. Iliyobaki ni ya injini na breki.

Sasa ingiza muda. Ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa, safari ni dakika 13 na ushee, na joto linatoka kwa kiwango cha kilowati 245. Hiyo ni sawa na mabirika 120 ya umeme yakichemka kwa pamoja kwa dakika zote hizo. Ukishuka kwa 60, joto la jumla ni lile lile lakini muda umekuwa nusu: kilowati 490. Injini yenye nguvu za farasi 400 inatoa kama kilowati 300 ikiwa imekanyagwa mafuta mpaka mwisho. Yaani ukishuka kwa 60 unaziomba breki zimeze nguvu kubwa kuliko ambayo injini yako inaweza kutoa. Si mchezo.

Tuseme dereva ameziachia breki kazi yote. Ekseli sita zina breki 12. Zikigawana sawa, kila moja inapata jouli milioni 16. Dramu ya breki ya lori ni chuma cha kama kilo 50. Kama isingepoa kabisa njiani, joto lake lingepanda kwa zaidi ya nyuzi 700. Upepo unaipoza kidogo, lakini sasa ongeza ukweli wa gereji: breki huwa hazigawani sawa. Kama nne kati ya 12 zimelegea na hazigusi vizuri, nane zilizobaki zinabeba mzigo wa zile nne.

Kabla ya kufika nyuzi hizo, mambo mawili yameshatokea. Kwanza, utando wa msuguano kwenye viatu vya breki, vile vipande vya umbo la mwezi mwandamo vinavyobana dramu kwa ndani, unapoteza mshiko wake ukiungua. Pili, chuma kinatanuka. Dramu yenye kipenyo cha sentimita 42 ikipata nyuzi 400 za ziada inatanuka karibu milimita 2. Kwa hiyo viatu vinalazimika kusafiri zaidi kuifikia, na mkono unaovisukuma una mwisho wake. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda, upepo unatoka, gari halisimami.

Angalia geji wakati huo. Geji ya upepo inaweza kuwa inasoma vizuri tu, maana inapima mgandamizo wa hewa kwenye mitungi. Haipimi joto la dramu. Hata zile springi za dharura zinazobana breki zenyewe upepo ukiisha zinabana dramu ile ile iliyoungua. Kwa hiyo "kufeli breki" mara nyingi hakumaanishi kwamba kuna bomba lilikatika. Breki zilikuwa nzima juu ya mlima, zikaiva njiani.

Injini kama breki

Mwaka 1931 mhandisi wa Marekani Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini za dizeli yenye jina lake, alikuwa ndani ya lori la majaribio likishuka Cajon Pass kule California. Breki zikaungua, lori likakimbia, na chini kulikuwa na treni inakatiza barabara. Waliikosa kwa nafasi ndogo sana. Cummins hakuisahau siku ile. Miaka mingi baadaye alibuni namna ya kuifanya injini yenyewe iwe breki, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Ndiyo inayoitwa "jeki breki" mpaka leo.

Wazo lake ni rahisi. Injini ya dizeli inabana hewa kwa nguvu kabla ya mafuta kuingia. Kubana kunakula nguvu, na kwa kawaida hewa ile ikitanuka inarudisha nguvu hiyo. Jeki breki inafungua vali ya moshi pale hewa ilipobanwa mwisho kabisa, nguvu yote inatupwa nje. Injini inakuwa pampu inayokula mwendo wa gari. Breki ya egzosi, iliyo kwenye malori mengi, ni rahisi zaidi na dhaifu zaidi: kilango kinaziba bomba la moshi ili injini ihangaike kuusukuma. Ritada inakaa upande wa gia na kutumia mafuta ya mashine au sumaku kuzuia mzunguko, na joto lake linaondolewa kwa utaratibu uliopangwa, siyo kuachiwa dramu.

Jeki breki na breki ya egzosi zina sharti moja: gari liwe kwenye gia. Hapa ndipo tunakutana na kale kamchezo ka kuweka frii mlimani ili "kubana mafuta". Fizikia inasema hivi: injini za kisasa zenye mfumo wa mafuta wa kielektroniki, zikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, zinakata dizeli kabisa wakati wa kushuka, kwa sababu matairi ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka frii, injini lazima ichome mafuta ili isizimike. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali frii inakula dizeli zaidi, na wakati huo huo umezikata jeki breki na egzosi kwa mpigo mmoja. Ndoo zote 29 umezimwagia dramu. Gari likishachanganya, kurudisha gia kunaweza kushindikana.

Ndiyo maana wazee wa barabara wanafundisha kushuka mlima kwa gia ambayo ungeupandia, na kuiingiza kabla ya kuanza kushuka. Breki ya mguu inatumika kwa vipindi: spidi ikifika kikomo ulichojiwekea, kanyaga kwa uhakika mpaka ipungue kama kilomita 8 hadi 10, achia kabisa dramu zipumue, rudia. Kukanyaga kidogo kidogo mfululizo kunazipika.

Pengo linazibika

Huko Ulaya, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, watengenezaji kama Scania na Mercedes-Benz wameweka mifumo inayosoma GPS pamoja na ramani ya milima, ikachagua spidi na gia kabla mlima haujaonekana. Malori mengi kwenye njia zetu hayana hilo. Lakini tuangalie tulicho nacho.

Kwanza, miteremko imeshapimwa. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kimo cha nchi kavu kwa rada. Data hiyo inapatikana bure, ikiwa na nukta moja kila mita 30 hivi. Ina makosa ya mita kadhaa, ambayo kwa kilima kifupi ni mengi, lakini kwa mteremko wa kilomita sita hayabadilishi jibu. Mwanafunzi wa jiografia au kompyuta anaweza kuiweka juu ya mstari wa barabara ya Tunduma hadi Dar na kutoa orodha ya kila mteremko mrefu, urefu wake na mwinamo wake. Ni kazi ya mradi wa mwaka wa mwisho.

Pili, ramani tupu inajazwa na watu. OpenStreetMap, ramani huru iliyoanza mwaka 2004, ina nafasi maalumu za kuandika kimo cha juu kinachoruhusiwa, uzito wa mwisho wa daraja na mwinamo wa barabara. Wanafunzi wa vyuo Dar es Salaam walishaonyesha kwamba inawezekana: kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, walichora mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika, vitu ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Vibao vya uzito na kimo barabarani ni vichache kuliko mifereji ya Tandale.

Tatu, mfumo wa ofisini unaweza kufanya kazi hii bila kununua kifaa kipya. Mifumo mingi ya kufuatilia magari ina uwezo wa kuchora mpaka kwenye ramani na kuuwekea kanuni yake. Chora mpaka kuzunguka mteremko wa Kitonga, andika kikomo cha lori lililobeba na kikomo cha lori tupu, soma uzito kutoka kwenye karatasi ya mizani. Kengele ilie gari likiwa bado juu, siyo likifika 81. Na ilie kwa dereva kwanza, maana yeye ndiye mwenye pedali.

Nne, kuna kifaa kidogo cha mkononi ambacho kila lori lingestahili kuwa nacho: kipimajoto cha mionzi, cha viwandani. Ni ndugu wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa Uviko-19, ila hiki kinasoma hadi mamia ya nyuzi. Ukisimama sehemu salama kabla ya mlima, baada ya kuwa umetumia breki, pima dramu zote 12. Iliyo ya moto kuliko wenzake inakwama. Iliyo baridi wakati wenzake wana moto haifanyi kazi, na sasa unajua wengine wamebeba mzigo wake. Dakika tano, na umepima kitu ambacho dashibodi nzima haikipimi.

Kampuni zinapofunga vifaa, huanza na swali la mwenye mali: gari langu liko wapi, mafuta yangu yako wapi, mzigo wangu umefunguliwa? Ni maswali halali, na vifaa vinayajibu vizuri ajabu, kwa saa za atomu na hesabu za Einstein. Swali la mtu anayeshika usukani akiwa na tani 50 mgongoni bado linasubiri. Kulijibu hakuhitaji setilaiti mpya. Kunahitaji mtu aichukue karatasi ya mizani, aiweke pamoja na kimo cha barabara, na ampe dereva namba mbili kabla hajaachia mafuta: gia na spidi.